Ukuta wa tofali jekundu la zamani: namna ya kuutengeneza bila kuuharibu

Juu ya vilima vya Namirembe na Rubaga, hapa Kampala, yamesimama makanisa makuu mawili ya tofali la kuchoma. La Namirembe tunaloliona leo lilijengwa kati ya 1915 na 1919. La Rubaga lilianzwa 1914, likamalizika 1925. Namirembe palishakuwa na makanisa mengine kabla yake. Moja la miti na nyasi liliangushwa na dhoruba mwaka 1894. Baadaye wakajenga la tofali, kazi iliyosimamiwa na mmishonari Borup aliyewafundisha vijana wa Buganda kufyatua na kuchoma. Machifu na watu wao, wake kwa waume, walibeba udongo na kuni vichwani. Kanisa hilo liliwekwa wakfu 1904, na mwaka 1910 radi ikapiga paa lake la nyasi likateketea.

Tangu hapo tofali likaingia kila mahali: nyumba za machifu Mengo, shule na zahanati za misheni, hata kanisa dogo la kijijini ambalo jina lake halimo kwenye kitabu chochote. Neno lenyewe Waganda wanalo, wanaliita ettoffaali. Mwaka 2013 Katikkiro (waziri mkuu wa Buganda) Charles Peter Mayiga alipozunguka nchi nzima kuchangisha fedha za kujenga upya makaburi ya wafalme wa Buganda ya Kasubi yaliyoungua 2010, mchango huo uliitwa Ettoffaali, na kila mtu alielewa anaombwa nini.

Mimi ni mwashi. Kwenye saiti zetu Kampala, fundi mmoja ametoka Arua, mwingine Kasese, mwingine Busia, na Kiswahili ndicho kinachotuunganisha. Ndiyo maana naandika kwa lugha hii. Kuta hizi za zamani zinakufa mikononi mwetu sisi mafundi, na haziuawi na uzee. Zinauawa na saruji.

Kwa nini saruji

Anza na historia kidogo, maana ndiyo inayokueleza ukuta umejengwa na nini. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na treni ya kutoka pwani haikufika Kampala moja kwa moja mpaka 1931. Mfuko wa saruji ulikuwa unakuja kwa meli, kisha treni, kisha meli tena kuvuka ziwa. Kiwanda cha saruji cha Tororo kilianza miaka ya 1950. Kwa hiyo fundi wa 1910 au 1925 hakuwa na saruji ya kuchezea. Alijengea udongo au chokaa, na saruji kidogo aliyoipata aliiweka pale alipoona haina budi.

Tofali la mkono la wakati ule ni laini na linanyonya maji. Udongo au chokaa iliyo kati ya tofali ni laini zaidi. Mvua ikinyesha ukuta unalowa, jua likitoka unakauka, na maji mengi hutoka kupitia viungo, yaani ile mistari iliyojazwa kati ya tofali, kwa sababu ndiko penye njia rahisi. Chumvi iliyomo ndani hutoka pamoja na maji, na kiungo kikilika baada ya miaka mingi unakijaza upya. Kiungo kinalika, tofali linabaki.

Sasa ziba viungo hivyo kwa saruji. Maji hayana tena njia ila kupitia kwenye tofali. Chumvi inajikusanya nyuma ya uso wa tofali, inaganda, inatanuka, na uso unabanduka kama ganda la yai. Baada ya miaka michache unaona jambo la ajabu: mistari ya saruji imetokeza nje, mizima kabisa, na tofali katikati yake zimekuwa mashimo.

Niliona hilo kwenye kazi yangu mwenyewe. Kanisa dogo nje ya Kampala, ukuta wa kusini, nilijaza viungo kwa saruji nzuri, kazi ikanyooka, nikasifiwa. Niliporudi mwaka wa tatu uso wa tofali ulikuwa chini, unga mwekundu kando ya msingi. Mzee mlinzi wa pale alizoa ule unga kwa kiganja akanionyesha. "Mwanangu," akasema, "maji umeyafungia ndani." Nilimjibu, "Ni kweli, mzee." Tangu siku hiyo nimekuwa nikijifunza upya.

Kanuni ya kazi yote ni hii: mchanganyiko wa kwenye kiungo uwe dhaifu kuliko tofali. Hatua zinazofuata zote zinatoka hapo.

Hatua ya kwanza: kaa na ukuta kabla ya kuugusa

Njoo siku ya mvua. Simama nje uone maji yanatoka wapi: paa limetoboka, mfereji wa bati umeziba majani, au matone ya paa yanapiga chini na kurusha tope ukutani. Tofali zilizooza kwenye sentimita 40 za chini mara nyingi zimeuawa na tope hilo, au na sakafu ya saruji iliyomwagwa kuzunguka nyumba ikaufungia unyevu wa ardhini, ukapanda ukutani.

Tengeneza hayo kwanza. Zibua mfereji, chimba mtaro mdogo wa kupeleka maji mbali, shusha udongo uliopanda juu ya msingi, na kama kuna saruji iliyobana ukuta, ikate pembeni na ujaze kokoto. Kubadilisha tofali wakati maji bado yanaingia ni kutupa pesa ya mwenye nyumba. Nimeona kuta ambazo baada ya kurekebishiwa mfereji tu hazikuhitaji kitu kingine.

Piga picha kila upande. Chora ukuta kwenye karatasi, weka alama kwenye tofali zilizokufa. Na kama jengo ni la kihistoria, au hujui kama ni la kihistoria, nenda Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale. Iko pale kwenye Makumbusho ya Uganda, Kira Road. Uliza kabla hujatoa hata tofali moja.

Hatua ya pili: lisome tofali

Tafuta tofali lililovunjika, angalia ndani yake. Likiwa jekundu mpaka katikati, moto ulifika. Likiwa na moyo mweusi, moto haukumaliza kazi, ingawa hilo peke yake si ubovu. Kuta nyingi nzuri zina tofali za namna hiyo. Tazama nyuso zake. Tofali la mkono lina alama za vidole, alama za majani ya nyasi yaliyolifunika wakati wa kukauka, kona zisizo kali. Rangi yake hutokana na chuma kilichomo kwenye udongo, na hubadilika kulingana na mahali lilipokaa kwenye tanuru.

Pima tofali kumi, si moja. Kipimo cha zama za Waingereza kilikuwa karibu na inchi 9 kwa 4½ kwa 3, lakini fundi wa mkono alitumia kalibu (fremu ya kufyatulia) aliyotengenezewa na seremala wa jirani, na udongo ukasinyaa ulivyotaka. Andika urefu, upana na kimo cha kila moja, kisha upate wastani.

Angalia pia zilivyopangwa. Kuna ukuta wenye safu nzima iliyolazwa kwa urefu, kisha safu nzima inayoonyesha vichwa. Kuna ule ambao ndani ya safu hiyohiyo moja imelala na inayofuata inaonyesha kichwa. Unapojaza shimo, fuata mpango uliokuwapo. Kichwa kinachoonekana nje ni tofali lililoingia ndani kabisa kushika unene wa ukuta. Ukiweka kipande kifupi mahali pake, umeukata ukuta mshipa.

Sasa kiungo. Kwangua kwa msumari, chukua kidonge, kitie ndani ya glasi ya maji. Kikiyeyuka na kuwa tope ndani ya dakika chache, ukuta umejengewa udongo. Kisipoyeyuka lakini kinavunjika kwa vidole na kina vidoadoa vyeupe, ni chokaa. Kikikataa kabisa, ni saruji, na karibu kila mara utagundua ni safu nyembamba ya juu aliyoiweka mtu aliyekutangulia. Nyuma yake kuna udongo au chokaa.

Hatua ya tatu: pata tofali linalofanana

Njia bora ni tofali kuukuu. Nyumba za zamani zinabomolewa Kampala kila siku kupisha maghorofa, na tofali zake zinauzwa kwa bei ndogo au zinatupwa kujaza mashimo ya barabara. Zungumza na wabomoaji mapema. Chukua zile zilizojengewa udongo au chokaa kwa sababu husafishika kwa nyundo ndogo. Zilizojengewa saruji zitavunjika mikononi mwako.

Tofali la kiwandani, kama la Kajjansi ambako Uganda Clays wapo tangu 1950, ni zuri sana kwa nyumba mpya. Kwa ukuta wa mkono wa miaka mia moja halikai. Limenyooka mno, uso wake ni laini, ni gumu, na halinyonyi maji kama majirani zake.

Ukikosa kuukuu, fyatua. Kwanza udongo. Usiende tu bondeni na jembe; vinamasi vinalindwa na kuchimba humo kunahitaji kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Udongo wa kichuguu, au wa chini ya kilima nje ya kinamasi, mara nyingi unatosha kwa kazi ndogo. Ulowanishe, uviringishe kati ya viganja upate kamba nene kama kidole. Ikikatika mara moja, mchanga umezidi. Ikipinda kama mkia wa panya bila kukatika na inanata vidoleni, mfinyanzi umezidi, na tofali zitapasuka zikikauka, ongeza mchanga. Unaoutaka uko katikati.

Fyatua tofali tatu za majaribio. Juu ya kila moja, likiwa bado bichi, chora mstari wa sentimita 10 sawasawa. Likikauka na kuchomwa, pima tena. Mstari ukiwa na sentimita 9.2, udongo umesinyaa asilimia 8. Kama tofali la ukutani lina milimita 230, gawanya 230 kwa 0.92, kalibu yako iwe na urefu wa milimita 250. Fanya hivyo kwa upana na kimo pia. Hesabu hii ndogo inaokoa tanuru zima.

Kanda udongo kwa miguu, ufunike ulale usiku mmoja, ukande tena. Tupa donge ndani ya kalibu kwa nguvu ili kona zijae, kata juu kwa waya au ubao. Anika kivulini, funika kwa nyasi, geuza. Tofali linaloanikwa kwenye jua kali la Januari linapasuka uso kabla moyo haujakauka. Wiki mbili ni wastani, na msimu wa mvua ni zaidi.

Kuchoma: usiwashe tanuru kwa ajili ya tofali mia tatu. Kuni hizo ni miti ya watu. Mwendee mchomaji wa jirani, mwombe nafasi katikati ya tanuru lake, lipia. Katikati ndipo penye moto ulio sawa. Za karibu na midomo ya moto huungua zikawa nyeusi na kupinda, na za pembeni kabisa hutoka hafifu na dhaifu. Mchomaji mzuri huanza na moto mdogo mpaka mvuke mweupe uishe juu, ndipo anaongeza. Akiharakisha, maji yaliyobaki ndani yanachemka na kulipasua tofali. Tanuru dogo huwaka siku mbili au tatu, kisha liachwe lipoe lenyewe. Siku hizi wapo wanaotumia maganda ya kahawa badala ya kuni za mkaratusi. Ukimpata huyo, mpe kazi.

Ukizipokea, gonga mbili pamoja: mlio wa kengele ni tofali lililoiva, mlio wa kibuyu ni bichi. Kisha pima moja likiwa kavu, lilaze ndani ya maji saa 24, lipime tena. Kilo 2.5 ikiwa kilo 3 limenyonya asilimia 20. Fanya jaribio hilohilo kwa tofali la ukuta wenyewe. Lengo si kupata tofali lenye nguvu kuliko yote, ni kupata linalonyonya karibu sawa na majirani zake.

Hatua ya nne: chokaa

Hapa ndipo mafundi wengi wanachoka, na hapa ndipo kazi yote ilipo. Wapwani walichoma chokaa ya matumbawe na kujengea Lamu na Zanzibar. Sisi huku bara tuna mawe ya chokaa: Tororo upande wa mashariki, na upande wa magharibi Kasese, ambako Muhokya wachomaji wadogo wamekuwa wakichoma kwa muda mrefu.

Ukinunua chokaa iliyozimwa tayari, yaani iliyokwisha kutiwa maji, ya unga, hakikisha ni mpya na mfuko haujachanika. Chokaa ya unga iliyokaa wazi imeshavuta hewa ikageuka mawe tena, haina kazi. Ukinunua mawe yaliyochomwa ambayo hayajazimwa, ujue unashika moto. Vaa miwani, glovu na viatu. Tia maji kwanza ndani ya pipa la chuma, kisha tumbukiza mawe kidogo kidogo. Usimwagie maji mawe yaliyojaa pipa: yatachemka na kukurukia usoni, na chokaa machoni ni upofu. Watoto wasiwe karibu. Ndoo ya maji safi iwe pembeni kwa ajili ya kuosha macho.

Ikishatulia, chuja kwa wavu, iache ndani ya shimo au pipa ikiwa imefunikwa na maji juu yake. Wiki tatu ni kiasi cha chini kabisa. Miezi mitatu ni bora. Inakuwa laini kama siagi, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi kuwa nzuri. Kwa hiyo kazi ya Juni anza kuizimia chokaa Machi.

Mchanganyiko: ndoo moja ya chokaa laini, ndoo tatu za mchanga mkali uliochekechwa, usio na udongo. Kwa sehemu ya chini ya ukuta yenye unyevu, saga tofali zilizovunjika za kuiva kiasi upate unga, na changanya ndoo moja ya chokaa, moja ya unga wa tofali, mbili za mchanga. Unga huo huisaidia chokaa kushika hata penye unyevu. Mafundi wa India wameutumia tangu zamani, na rangi yake inalingana vizuri na ukuta mwekundu. Ponda na kukanda mchanganyiko mpaka uwe laini bila kuongeza maji. Utaona mkavu mwanzoni, utatamani kumwagia maji. Vumilia, endelea kuponda.

Kama ukuta umejengewa udongo, usiondoe udongo wa ndani. Jaza ndani kwa udongo uleule na chokaa iwe sehemu ya nje tu.

Hatua ya tano: toa lililokufa, weka lililo hai

Tindo nyembamba na nyundo ya kilo moja. Grainda iache kwenye boksi. Diski haijui mwisho wa kiungo na mwanzo wa tofali, na kovu lake halitoki. Saruji ya juu itoe kwa kugonga katikati ya mstari, kisha ukitoka pembeni. Mahali ambapo kuitoa kunavunja tofali, iache. Ukuta ukiwa na saruji mahali pachache ni bora kuliko ukuta uliotobolewa.

Tofali lililobanduka uso kwa milimita chache liache, bado linabeba. Toa lile lililoliwa zaidi ya theluthi ya kina chake. Toa moja moja kwa kuruka. Usifungue tundu la tofali tano pamoja, na juu ya mlango au dirisha weka kwanza nguzo.

Fagia shimo, ondoa vumbi, lowanisha mpaka ukuta uache kunywa. Tofali jipya nalo liloweke dakika kumi. Tofali kavu litanyonya maji ya chokaa na chokaa itageuka unga. Weka mchanganyiko chini na pembeni, sukuma tofali mpaka lilingane na majirani, jaza juu yake kwa nguvu kwa chuma chembamba. Tumia timazi, lakini usiunyooshe ukuta ambao wenyewe haujanyooka.

Viungo: chimba mpaka kina kiwe mara mbili ya upana wake, lowanisha, jaza kwa tabaka mbili. Kabla chokaa haijakauka kabisa, baada ya saa chache au kesho yake, igonge kwa brashi ngumu ili uso wake uwe na chembechembe na irudi ndani kidogo ya tofali. Usiipake juu ya uso wa tofali.

Hatua ya sita: ulinde

Fanya kazi kati ya Juni na Agosti, au Desemba na Februari. Chokaa hukauka kwa kuvuta hewa polepole, na jua kali linaiharibu kama mvua. Tundika magunia yaliyolowa mbele ya ukuta, yanyunyizie maji asubuhi na jioni kwa siku saba angalau.

Mwenye nyumba atakuuliza kuhusu vanishi, rangi ya mafuta, na mashine ya presha ya kuosha tofali ziwe nyekundu kama mpya. Mkatalie zote tatu kwa upole, umweleze sababu. Vanishi na rangi ya mafuta zinafunga maji ndani kama saruji. Presha inaondoa ngozi iliyochomwa ya tofali na kuacha nyama laini. Unga mweupe ukitokea kwenye miezi ya kwanza ni chumvi inayotoka. Usiuoshe kwa maji, usubiri ukauke na uufagie kwa brashi ya nyasi, mara nyingi kadiri utakavyohitajika.

Mpe mwenye nyumba karatasi yenye mchoro wako, kiasi cha mchanganyiko uliotumia, na mahali ulipopata udongo. Aiweke pamoja na hati ya nyumba, ili fundi atakayekuja baada yako asianze kwa kukisia. Kisha rudi mwenyewe mvua za Septemba zikianza, usimame nje na mwavuli, uangalie maji yanapita wapi.